Kuvuka Penye Haragwe

Mji wa Saint-Aubrin ulikuwa na taa za barabarani kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kuzipiga picha. Meya Thibault Garandeau aliona hiyo ni aibu. Miji jirani ilikuwa na vipilefti, tena vya maana: mmoja umeweka katikati mashua nzima, mwingine bata wa zege anayewaka macho. Saint-Aubrin, unaolima maharage meupe kuliko yote mkoani, ulikuwa na nyekundu, njano na kijani tu, kama mji wowote ule. Basi taa ziling'olewa, njia panda ikachimbwa miezi saba, na katikati ya duara jipya likasimamishwa haragwe la plastiki ngumu lenye urefu wa mita nne.

Wageni wengi waliopita walidhani ni figo. Hata hivyo meya alilizindua kwa hotuba ya dakika arobaini na mvinyo wa kutosha. Aliwashukuru wakandarasi, mchongaji, watu wa bustani, madereva kwa uvumilivu wao, na hali ya hewa. Waenda kwa miguu hawakutajwa, labda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba bado wapo.

Huguette Pasquereau alikuwepo bado, tena kila siku. Alikuwa na miaka sabini na sita, magoti mawili yasiyoelewana, na mume anayeishi ng'ambo ya haragwe, katika nyumba ya wazee. Firmin alipoanza kusahau, kwanza funguo, halafu njia, halafu majina ya wanawe, Huguette alimchagulia nyumba hiyo kwa sababu moja: kutoka mlangoni kwake hadi pale ni mwendo wa dakika sita, na njiani kuna barabara moja tu yenye taa. Alikuwa mwanamke wa mipango. Hakujua kwamba baraza la mji nalo lina mipango.

Kila siku saa tano na nusu alitoka kwenda kumlisha Firmin chakula cha mchana. Hili halikuwa pambo la mapenzi. Firmin alikula kutoka mkono wa mkewe, na mkono mwingine wowote alioletewa aliufungia mdomo. Wauguzi walijaribu kwa upole, wakajaribu kwa nyimbo, mmoja akajaribu kwa kujifanya Huguette, akapewa jicho ambalo hakulisahau. Nyumba ile nayo ilikuwa na utaratibu wake: sahani zinawekwa mezani saa sita kasorobo na kuondolewa saa sita na nusu, hata dunia ipinduke.

Zamani taa ilikuwa ikisema nyekundu, magari yanasimama, Huguette anavuka. Sasa kulikuwa na zebra iliyochorwa vizuri sana pale magari yanapoingia na kutoka kwenye duara. Anayeingia anatazama kushoto, maana Ufaransa watu huendesha upande wa kulia na ndiko magari mengine yanakotokea. Mtu aliyesimama kuliani kwake anaweza kuwa ametundikwa utepe na kengele, hamwoni. Anayetoka anatazama haragwe. Na wote wawili wanakanyaga mafuta, kwa sababu raha ya kipilefti, kama meya alivyoeleza mwenyewe, ni kwamba hakuna anayelazimika kusimama.

Huguette alijifunza. Alijifunza kwamba madereva wa malori ni waungwana hadi saa tano na dakika hamsini, baada ya hapo wana njaa. Alijifunza kwamba mtu akikupungia mkono huenda anakuruhusu upite na huenda anaongea kwenye simu. Siku moja alisubiri saa nzima, akafika mezani akakuta mhudumu anapangusa makombo. Siku nyingine gari dogo la bluu lilipita juu ya kikapu chake cha magurudumu, likasambaza maharage ya kupikwa barabarani mbele ya lile haragwe kubwa, na dereva akashuka kwa hasira kuangalia kama rangi ya gari lake imechubuka.

Mwezi wa Machi muuguzi mkuu alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi ya uzito. Firmin alikuwa amepungua kilo saba. Akiendelea hivi, alisema bila kuzungusha maneno, itabidi ahamishiwe hospitali ya mkoa, kilomita sitini, alishwe kwa mpira wa puani. Huguette aliirudisha karatasi taratibu. Alijua kwamba Firmin akipelekwa mahali asipopajua hatarudi, na alikwenda nyumbani akaandika barua kwa meya, kurasa mbili, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likiwa na picha ya haragwe juu ya karatasi. Baraza lilimshukuru kwa kujali maisha ya mji. Lilimjulisha kwamba kwa mujibu wa takwimu, tangu kipilefti kifunguliwe hakuna mtembea kwa miguu aliyegongwa, na kwa hiyo mahali pale hapamo katika orodha ya mahali pa hatari. Huguette aliisoma mara tatu kutafuta maana nyingine, akakosa. Ili aingie kwenye orodha, ilikuwa lazima kwanza agongwe.

Akaandika tena. Akaandika mara ya nne. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mama wa watu anayeandika barua kila wiki huanza kusikika hata kwenye duka la mikate. Ndipo meya akatangaza ukaguzi wa hadhara, mahali penyewe, mbele ya gazeti la mkoa.

Walikuja watu tisa, wote wamevaa vizibao vya njano vya kung'aa. Kulikuwa na mhandisi mwenye ubao wa kuandikia, askari wa mji, Loïc Brémaud, akiwa amevaa sare, na meya mwenyewe, kifuani mwake mshipi wa sherehe wa bluu, nyeupe na nyekundu, ule wenye vishada vya dhahabu ambao meya wa Ufaransa huuvaa anapofungisha ndoa na anapotaka kupigwa picha. Meya alikanyaga zebra. Gari likasimama. Akavuka, akarudi, akavuka tena. Magari yote yalisimama, moja baada ya jingine. Lori la maziwa lilifunga breki umbali wa mita thelathini, na mzee mmoja ndani ya trekta alivua kofia. Mhandisi aliandika. Mara arobaini na moja meya alivuka, na mara arobaini na moja alisimamishiwa magari.

Huguette alitazama kutoka mlangoni mwa duka la mikate. Alipoona wanakunja ubao, alivuka barabara ndogo ya upande wake akamwendea mhandisi. Alimwambia kwamba yeye huvuka bila msafara, na akaomba wamtazame japo mara moja. Mhandisi alimjibu kwa heshima kubwa kwamba muda wa upimaji umekwisha.

Ripoti ilitoka gazetini wiki ile ile. Madereva wa Saint-Aubrin waliheshimu kivuko kwa asilimia mia moja. Pembeni kulikuwa na picha ya meya katikati ya zebra, mkono juu, anatabasamu.

Huguette aliitazama picha hiyo akiwa ameshika kikombe cha kahawa mpaka kahawa ikapoa. Alikuwa ameshona mashati kiwandani kwa miaka ishirini na minane, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye nguo. Upana sentimita kumi, alikadiria. Kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Mistari mitatu, mshono wa kawaida. Watu wazima tisa walikuwa wamekesha na mahesabu kuthibitisha kwamba pale kinachosimamisha magari ni kitambaa, na hawakujiona wamethibitisha nini.

Bluu aliipata kwenye ovaroli ya kazi ya Firmin. Nyeupe kwenye shuka. Nyekundu kwenye pazia la jikoni, ambalo hata hivyo lilikuwa limechoka. Vishada vya dhahabu alivitoa kwenye mto wa kochi aliopewa na wifi yake na ambao hakuupenda siku hata moja. Aliimaliza kazi kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Kesho yake alifika penye zebra saa tano na dakika thelathini na nne. Alinyoosha mgongo, akavuta mshipi ukae sawa juu ya koti, akakanyaga. Breki zililia. Gari la kwanza lilisimama, la pili likasimama, na yule yule wa gari dogo la bluu akashusha kioo akamtakia siku njema, mheshimiwa. Huguette aliitikia kwa kichwa. Firmin alikula supu, samaki, jibini na nusu ya pea.

Ikawa hivyo wiki tatu. Firmin aliongezeka kilo moja na nusu. Mjini watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, halafu mama mmoja mwenye watoto mapacha akaja kuomba avuke naye, na baada ya hapo kila siku walikuwa watu watano au sita wanaomngojea Huguette mlangoni mwa duka la mikate. Alikuwa anawavusha bila maneno mengi. Kwa hesabu ya haraka, mshipi wa pazia ulikuwa umefanya kazi kubwa kuliko ule wa ofisini.

Nadhani hiki ndicho kilichomuuma meya. Magari kusimama hakukumsumbua. Kusimamishwa na mtu mwingine kulimsumbua sana. Siku ya Jumanne alimtuma Brémaud.

Askari alikaa kwenye ukingo wa kiti jikoni, akala vipande viwili vya keki, akasoma barua ya meya bila kuinua macho. Alikuwa amesoma darasa moja na binti wa Huguette na aliona haya hadi masikio.

"Mama, hii ni jinai," alisema alipomaliza.

"Ipi, kusimamisha magari?"

"Kuvaa. Sheria inasema asiye na cheo asijivike alama ya cheo. Inaweza kufika hadi kifungo, mama. Sisemi watakufunga. Nasema imeandikwa."

"Na asiyesimama kwenye zebra, hajaandikwa?"

"Kaandikwa pia."

"Umeshika wangapi mwaka huu?"

Brémaud aliangalia keki. Alisema kituo kina watu wawili, na mmoja yuko likizo ya ugonjwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba meya anataka mambo yaishe kimya kimya kabla ya uchaguzi, na kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe kuuchukua ule mshipi.

"Aje nyumba ya wazee, basi, mchana," alisema Huguette. "Mimi asubuhi nina kazi."

Meya alikuja. Alikuja bila mshipi, kwa shati jeupe na koti jepesi, kama mtu wa kawaida anayekwenda kumtembelea mama wa kawaida. Ijumaa maegesho ya nyumba ya wazee hujaa, kwa hiyo aliacha gari mbele ya duka la mikate. Ndivyo Huguette alivyomkuta saa tano na dakika thelathini na sita: kiongozi wa mji amesimama kwenye zebra yake mwenyewe, mguu mmoja chini, mmoja juu ya ukingo, anaurudisha kila gari linapopita. Mwenye duka la mikate alikuwa ametoka na kikombe chake nje kutazama. Alimwambia Huguette kwamba mheshimiwa yuko pale tangu saa tano na robo.

"Leo kuna magari mengi," alisema meya bila kumtazama.

"Leo yapo kama ya juzi. Shika mkono."

"Mama Pasquereau, mimi nimekuja kwa ajili ya hicho kitu, siwezi mbele za watu—"

"Basi baki."

Lori la mchanga lilipita likayumbisha koti lake. Meya alishika mkono. Huguette alikanyaga, breki zikalia, wakavuka wakiwa na mama wa mapacha na bwana mmoja mwenye fimbo nyuma yao. Meya Garandeau alitembea ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe hakumpungia mtu.

Walipofika, sahani zilikuwa zimeshawekwa. Firmin alikaa mahali pake karibu na dirisha, kitambaa shingoni, mdomo umefungwa. Huguette kwa kawaida alikuwa akivua mshipi ukumbini na kuukunja ndani ya mkoba. Siku hiyo, kwa sababu ya kumburuta meya, alisahau.

Firmin alimtazama kifua, akasukuma kiti nyuma, akainuka. Ilimchukua muda, kwa mikono yote miwili juu ya meza. Alikuwa mtu wa adabu, aliyeinuka mbele ya kila meya tangu utoto wake.

"Mheshimiwa," alisema. Kisha akamgeukia Garandeau. "Wewe kijana, umesimama tu? Mletee mheshimiwa kiti."

Garandeau, mwenye miaka hamsini na tatu na mamlaka juu ya watu elfu sita, alileta kiti.

Huguette aliketi. Mkono wake ulikwenda begani kuutoa mshipi, lakini Firmin alikuwa ameshaanza kusema, na miezi ilikuwa imepita tangu aseme maneno zaidi ya matatu yaliyofuatana. Aliuacha mkono ushuke.

"Ni vizuri umekuja," alisema Firmin. "Nina lalamiko. Mke wangu huja kila siku kunilisha. Hapo nje wametoa taa. Mimi hukaa hapa dirishani namwona anavyosimama. Anaweka mguu, anautoa. Anaweka, anautoa. Magari hayamwoni." Alivuta pumzi. "Sasa mimi nimefikiri. Nikila akiwa hayupo, watamwambia haina haja ya kuja, hatavuka, atapona. Lakini nikiona uso mwingine, mdomo haufunguki. Nimejaribu. Haufunguki. Kwa hiyo ninyi mnachagua, mheshimiwa, mumuue yeye kule au mimi hapa."

Kwenye meza ya pili mtu aliangusha kijiko.

Huguette alijua kwamba mumewe hamtambui siku nyingine, na alikwisha kulilia hilo, akamaliza. Hakujua kwamba alikuwa akimwona kutoka dirishani.

"Mkeo anaitwa nani?" aliuliza, kwa sababu ndilo swali pekee lililotoka.

"Huguette. Andika."

Huguette alimgeukia Garandeau, aliyekuwa ameshika mgongo wa kile kiti kana kwamba ni cha kwake. "Mjibu," alisema.

Meya alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, hakuwahi kuyakosa katika miaka kumi na mmoja. Yalikuwa yamejipanga, takwimu, orodha, tume ya kiufundi, bajeti ya mwaka ujao. "Baraza litaliangalia suala hili," alisema, "kwa uzito unaostahili."

Firmin aliegemea karibu na Huguette. "Huyu kijana anasema nini?"

"Anasema wangoje kwanza mkeo agongwe."

Firmin alikubali kwa kichwa, bila mshangao. Aliketi. Huguette akachota supu, akapuliza, akapeleka kijiko, na Firmin akaugeuza uso dirishani. Mdomo ulikuwa umefungwa. Alisubiri, akajaribu tena, akasubiri, akajaribu tena, mpaka supu ikaanza kupoa. Firmin alisema kwa upole kwamba anamshukuru mheshimiwa, lakini anamngoja mke wake. Saa ya ukutani ilisema sita na dakika kumi na nane. Mhudumu alikuwa ameshaanza kukusanya sahani upande wa mlangoni.

Basi Huguette aliuvua mshipi kwa kuupitisha kichwani. Kishada kilinasa kwenye kibanio cha nywele, ikabidi avute. Bila kugeuka aliupeleka nyuma, na Garandeau akaupokea: ovaroli, shuka na pazia. Ndicho alichojia. Huguette alilainisha nywele, akasogeza kiti karibu kama afanyavyo kila siku, akachota upya.

Firmin aligeuka kutoka dirishani. Alimtazama uso kwa muda mrefu, na kitu kikalegea kwenye taya lake.

"Umechelewa," alisema.

"Barabara."

"Najua." Alikunywa kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tatu alikizuia kwa kidole, akamsogelea sikioni, kama mtu mwenye siri nzuri. "Meya alikuwa hapa sasa hivi. Mwanamke. Nimemweleza yote."

"Akasemaje?"

Firmin alifikiri. Nyuma ya kiti Garandeau alisimama na ule mshipi mikononi, na hakuna aliyemwambia aketi wala aondoke.

"Hakusema kitu," alisema Firmin. "Ameuliza jina lako tu."